Ndoo, gunzi na glutameti: shajara ya kifaa cha kufundishia

4 Februari

Mradi umeanza leo, maana yake nimenunua beseni. Beseni kubwa la kufulia, la plastiki, rangi ya bluu. Ndoo ya rangi ya lita 4 nimepewa bure na fundi anayepaka darasa la jirani. Gharama mpaka sasa haijafika hata robo ya bei ya kitabu kimoja cha fiziolojia.

Ninachotaka kutengeneza ni kifaa cha kuwaonyesha wanafunzi wangu, wauguzi na matabibu wa mwaka wa pili, namna seli za ubongo zinavyokufa mtu akipigwa na kiharusi. Kila mwaka nikifika kwenye mada hii husema "damu isipofika, seli hufa kwa kukosa hewa", wao huandika, tunafungua ukurasa unaofuata. Wanaingia wodini na picha ya seli iliyozimika polepole kama koroboi iliyoishiwa mafuta. Picha hiyo ni nusu ya habari. Seli nyingi hufa zikiwa zimewashwa kupita kiasi, na kinachoziwasha ni glutameti, amino asidi ile ile inayotuwezesha kukumbuka majina ya watoto wetu.

Nataka wayaone kwa macho. Nimefikiria mashua inayovuja. Ndoo iwe seli, beseni liwe majimaji yanayoizunguka, matundu ya ndoo yawe milango ya kwenye utando. Mwanafunzi mmoja atakaa juu anafua maji.

7 Februari

Leo sijagusa ndoo. Siku nzima imeishia kwenye maneno.

"Amino asidi chochezi" ndilo jina nililokuwa nalo kwenye noti zangu za zamani. Nalipenda kwa sababu ya moto: mpishi huchochea kuni ili chungu kichemke, na akizidisha, chakula huungua. Ila darasani neno hilo lina matatizo mawili. Wodini "uchochezi" wengine hulitumia kwa kidonda kilichovimba na kuwa chekundu, na magazetini uchochezi ni kesi ya mtu aliyekamatwa. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama hizo asidi zina dhamana.

Basi nimeamua: amino asidi za kusisimua. Mbili ndizo kubwa, glutameti na aspateti, na glutameti ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mawasiliano ya kusisimua katika ubongo wetu. Kitu kinachoipokea kwenye seli ya pili nitakiita kipokezi. Aina za vipokezi ninazozihitaji ni tatu, na majina yake nimeyaacha yalivyo: AMPA, NMDA na kaineti. Nilijaribu kuitafsiri NMDA, ikanishinda kabla ya chai ya saa nne.

11 Februari

Nimemaliza ukurasa wa historia wa kijitabu kitakachoambatana na kifaa. Nimeandika mambo machache tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mjapani Takashi Hayashi aliweka glutameti kwenye ubongo wa mbwa, mbwa wakapata degedege. Mwaka 1957 D. R. Lucas na J. P. Newhouse walichoma panya wachanga sindano za glutameti, wakakuta tabaka la ndani la retina, utando wa jicho unaopokea mwanga, limeharibika. Mwaka 1969 John Olney, Mmarekani wa St. Louis, akarudia kwa panya wachanga na kuangalia ubongo wenyewe: seli za hipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia njaa, zimekufa, na panya wakikua wananenepa ovyo. Yeye ndiye aliyeunganisha mambo mawili yaliyokuwa yamekaa mbalimbali. Aliona kwamba kadiri kemikali ya jamii hii inavyosisimua seli kwa nguvu, ndivyo inavyoiua kwa wepesi. Kusisimua kwenyewe ndiko kunakoua.

Nilipowasomea wanafunzi wawili kati ya wanaonisaidia, swali la kwanza likawa lile nililolitarajia: "Mwalimu, na vile vidonge vya kukolezea mchuzi?" Ndiyo, ndani yake mara nyingi mna glutameti ya sodiamu. Lakini panya wa Olney walikuwa wachanga wa siku chache, na dozi ilikuwa kubwa, tena kwa sindano chini ya ngozi. Glutameti inayopita mdomoni kwa sehemu kubwa huliwa na seli za utumbo wenyewe kama mafuta ya kuendeshea kazi, na inayobaki kwenye damu hukuta ukuta kati ya damu na ubongo. Nyanya iliyoiva ina glutameti. Maziwa ya mama yana glutameti. Kama mtu anataka sababu ya kupunguza vidonge hivyo, ajiulize kuhusu chumvi na presha, maana hiyo presha ndiyo itakayomleta kwenye kiharusi.

18 Februari

Jaribio la kwanza la ndoo. Limeshindikana kwa namna ambayo mvuvi yeyote angeniambia mapema. Nilitoboa tundu dogo la msumari ubavuni, nikaziba kwa plasta ya kidonda, nikaitumbukiza ndoo ndani ya beseni lenye maji. Ikaelea, ikalala ubavu, ikanimwagia. Sasa nimetia kokoto chini mpaka imetulia na ukingo wake umebaki juu ya maji.

Plasta ikibanduliwa, hiyo ndiyo glutameti imefika: mlango wa AMPA umefunguka na sodiamu inaingia. Mwanafunzi akaambiwa afue maji. Yeye ni wa Songea, bahari ameiona mwaka jana, akatazama beseni, akauliza, "Nifue nini, mwalimu? Hakuna nguo." Ilibidi nimweleze kwamba kwa watu wa pwani kufua maji ni kuyatoa chomboni yasije yakazamisha. Nadhani neno hilo hatalisahau tena, na mimi nimelikubali lihamie kwenye kijitabu. Pampu ya sodiamu na potasiamu ni mfua maji. Kila akitumia chembe moja ya nishati ya ATP, hutoa sodiamu 3 nje na kurudisha potasiamu 2 ndani. Ubongo una takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili na unakula takriban asilimia 20 ya oksijeni yote. Sehemu kubwa ya bili hiyo ni mshahara wa mfua maji.

Kwa kikombe cha chai mwanafunzi aliweza kushindana na tundu la msumari bila kutokwa jasho. Maji yalikaa sentimita mbili kutoka chini, hayapandi hayashuki. Hiyo ni seli yenye afya ikifanya kazi.

21 Februari

Leo ni siku ya gunzi, na nimefurahi kuliko ninavyopaswa.

Kipokezi cha NMDA ni mlango wa ajabu. Glutameti ikifika, mlango unaitika, lakini katikati ya njia pamekaa chembe ya magnesiamu kama kizibo. Hiyo haing'oki mpaka umeme wa utando ubadilike, yaani mpaka sodiamu ya kutosha iwe imeshaingia kupitia AMPA. Mwaka 1984 kundi moja la Paris na jingine la Marekani, kila moja kwa njia yake, walilionyesha jambo hilo. Kwa hiyo NMDA hufunguka pale tu mambo mawili yanapokutana: mwenzake amemwita, na yeye mwenyewe tayari ameshaamka. Wataalamu wa kumbukumbu wanaupenda mlango huu kwa sababu hiyo. Wataalamu wa kiharusi wanauogopa kwa sababu unapitisha kalsiamu.

Nimetoboa tundu la pili, kubwa, kidole gumba kinaingia. Nimeliziba kwa ndani kwa kipande cha gunzi la muhindi, kama vibuyu vinavyozibwa. Gunzi limefungwa uzi wa mshipi, na upande wa pili wa uzi kuna chupa tupu ya maji ya nusu lita iliyofungwa kifuniko, inayoelea ndani ya ndoo. Maji yakipanda, boya linapanda, uzi unakaza, gunzi linang'oka. Nje ya tundu hilo nimefunga mfuko wenye maji mekundu ya rangi ya chakula. Hiyo ni kalsiamu. Nje ya seli kalsiamu ni nyingi takriban mara 10,000 kuliko ndani, kwa hiyo haihitaji kusukumwa, inahitaji mlango tu.

Mara ya kwanza lilifanya kazi. Mara ya pili gunzi lilikuwa limelowa na kuvimba, boya likazama uzi ukiwa umekaza na kizibo hakitikisiki. Mara ya tatu uzi ukakatika. Nimekata kizibo kipya kutoka soli ya kandambili kuukuu. Jina la gunzi limebaki hata hivyo.

Wanafunzi wamelipenda gunzi kwa sababu wanalifahamu bila kujua kwamba wanalifahamu. Ketamini, dawa ya nusu kaputi ambayo hospitali zetu nyingi za wilaya zinaitegemea, huingia kwenye njia ile ile ya NMDA na kukaa humo. Magnesiamu tunamchoma mama mwenye kifafa cha mimba. Jaribio kubwa la nchi nyingi lililochapishwa mwaka 1995 lilionyesha kwamba inazuia degedege kurudi, tena vizuri zaidi kuliko dawa nyingine za degedege, diazepamu na fenitoini. Kuhusu namna inavyofanya kazi kwa mama huyo maelezo ni zaidi ya moja, mishipa ya damu ikiwemo, kwa hiyo nimewaonya wasiandike kwenye mtihani kwamba ni gunzi peke yake.

26 Februari

Leo ndipo kifaa kimesema kile nilichotaka kiseme.

Mzunguko wa kwanza: tundu la msumari wazi, mfua maji na kikombe. Dakika tano, maji hayajalifikia boya, gunzi liko mahali pake.

Mzunguko wa pili: tundu lile lile, maji yale yale, mwanafunzi yule yule. Nikamnyang'anya kikombe nikampa kijiko cha chai.

Hakuna aliyecheka. Alifua kwa kasi zaidi ya mwanzo, mkono ukawa hauonekani, na maji yalipanda tu. Kabla ya dakika ya tatu kwisha boya lilisimama, uzi ukakaza, kizibo kikang'oka, wekundu ukaingia kama mtu aliyekuwa anasubiri mlangoni. Baada ya hapo hata tulipomrudishia kikombe hakushika kasi ya tundu kubwa.

Hapo ndipo nilipowauliza: glutameti imezidi? Haikuzidi hata kidogo. Tundu la msumari ni lile lile la mzunguko wa kwanza. Kilichobadilika ni nguvu ya kufua. Jambo hili limepimwa kwenye seli halisi: tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 inajulikana kwamba seli za neva zikinyimwa nishati, kiasi cha glutameti ambacho kwa kawaida hakizidhuru huwa sumu. Umeme wa utando hushuka wenyewe, magnesiamu inaachia, na mlango wa kalsiamu unabaki wazi bila mtu kuzidisha chochote.

Na kwenye kiharusi glutameti nayo huzidi kweli. Seli zinazozama zinamwaga akiba yao, na akiba ni kubwa: ndani ya seli glutameti ni nyingi mara maelfu kuliko nje. Kwa hiyo anayezama humzamisha jirani. Kwenye seli zilizokuzwa maabara, kundi la Dennis Choi mnamo miaka ya 1980 lilionyesha kwamba dakika 5 za glutameti nyingi zinatosha. Glutameti inaoshwa, seli zinaonekana zimepona uvimbe, na kesho yake zimekufa. Uvimbe wa mwanzo ni wa sodiamu na maji yanayoifuata. Kifo cha kesho ni cha kalsiamu.

3 Machi

Nimekwenda kwa bibi mmoja jirani yetu, Mmakonde, nikiwa na daftari. Sababu ni kwamba sitaki kijitabu kizungumzie kiharusi tu. Kuna ugonjwa mwingine wa kijiko, na huu unapita jikoni kwetu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo umekuja kula au kuandika?"

Nilikuja kuuliza makopa. Akanieleza bila haraka: muhogo mchungu huumenya, huuanika mpaka ukauke kabisa, hutwanga, au huuvundika kwanza kwa siku kadhaa kisha ndiyo uuanike. Nikauliza kwa nini walime mchungu wakati mtamu upo. "Mtamu ni wa nguruwe na wezi," akasema. "Mchungu hauliwi na mtu asiye na subira." Kisha akaongeza kwamba mwaka wa njaa subira haipo. Watu huanika leo, hutwanga kesho.

Hapo ndipo ugonjwa unapoingia. Konzo ni neno la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, katika Kongo ya Wabelgiji. Mtu analala mzima, mara nyingi mtoto au mama wa umri wa kuzaa, anaamka miguu yote miwili imekakamaa, na haitarudi ilivyokuwa ingawa pia haiendelei kuharibika. Mwaka 1981 zaidi ya watu 1,000 walipatwa katika Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985 ukame uliuleta Tarime, kaskazini mwa Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaonekana huku kwetu kusini, Mtwara na Mbinga.

Ndani ya muhogo mna linamarini, kemikali inayobeba sianidi, na kimeng'enya chake, vimetengwa kama petroli na kiberiti. Ukiuponda vinakutana, sianidi inatoka, na ukiupa muda inapepea hewani. Usipoupa muda, sianidi inakuja mezani. Mwili huifunga kwa salfa na kuigeuza thaiosianeti inayotoka na mkojo. Salfa hiyo hutoka kwenye protini ya samaki, mayai, kunde, vitu ambavyo mwaka wa njaa havipo. Sasa angalia ndoo yangu. Sianidi inaziba mitokondria, vinu vya nishati vya seli, yaani inamnyang'anya mfua maji kikombe. Thaiosianeti nayo, kwenye majaribio ya maabara, huzidisha mshiko wa glutameti kwenye kipokezi cha AMPA, yaani inapanua tundu la msumari. Hii ya pili ni dhana ya watafiti kuhusu konzo na nimeiandika kama dhana. Inanivutia kwa sababu huenda ikaeleza kwa nini zinazoumia zaidi ni neva zile ndefu za kuendesha miguu.

Nimemwachia bibi maelezo ya njia ya kulowesha unga aliyoieneza J. Howard Bradbury wa Australia: changanya unga na maji, utandaze kwa wembamba usiozidi sentimita moja, uache kivulini kwa saa 5 au juani kwa saa 2, kisha upike siku hiyo hiyo. Kipimo salama cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo ya unga. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Saa tano naziweza. Siku tatu ndizo zinazoua watoto kwa njaa."

9 Machi

Nimeongeza ukurasa wa "sumu zinazofanana na glutameti". Konzo hupitia kwa mfua maji. Hizi hazihangaiki naye, zinakuja moja kwa moja mlangoni na ufunguo wa bandia.

Guaya ni jamii ya kunde inayolimwa Ethiopia, na India huitwa khesari. Inastahimili ukame hata mimea mingine yote ikifa, ndiyo maana watu wanaishia kula hiyo peke yake miezi kwa miezi. Ina amino asidi iitwayo ODAP, iliyotambuliwa mwaka 1964, inayokaa kwenye kipokezi cha AMPA. Matokeo: miguu inayokakamaa, karibu sawa na konzo. Katika kambi ya Vapniarka, Transnistria, eneo la Ukraine lililokuwa chini ya Romania wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942 na 1943, wafungwa Wayahudi walilishwa mbegu hizo kama chakula cha mifugo, na daktari mfungwa, Arthur Kessler, akautambua ugonjwa akiwa humo humo ndani. Kila nikifika hapo kalamu huenda polepole. Waliowapa chakula hicho hawakuwa na ukame wa kusingizia.

Kisha kome wa Kanada. Mwishoni mwa 1987 watu zaidi ya 100 waliugua baada ya kula kome waliofugwa Prince Edward Island: kutapika, kuchanganyikiwa, wengine degedege, na baadhi yao walipopata nafuu hawakuweza tena kuweka jambo jipya kichwani. Angalau watatu walikufa, wengi wa walioumia sana wakiwa wazee. Kome walikuwa wamekula vijimea vya baharini vinavyotengeneza asidi ya domoiki, ndugu wa kaineti, inayokaa kwenye vipokezi vya kaineti na AMPA. Hipokampasi ndiyo iliyoungua, na hipokampasi ndiyo mlango wa kumbukumbu mpya. Tangu hapo kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni miligramu 20 kwa kilo ya nyama ya kome.

Msaidizi wangu mmoja mama yake analima mwani Pemba, na aliposoma kwamba asidi ya domoiki na ya kainiki ziligunduliwa kwanza kwenye mwani mwekundu wa Japani, miaka ya 1950, alininunia. Nimeandika kwa herufi nzito: mwani huo wa Kijapani, uliotumika kama dawa ya minyoo, ni aina nyingine, si huu unaoanikwa Zanzibar kwa ajili ya kuuzwa.

15 Machi

Kifaa kina pengo. Hakina wazoaji.

Glutameti ikishamwagwa kwenye sinapsi, pale seli mbili za neva zinapokutana, haina kimeng'enya cha kuivunja papo hapo. Njia pekee ni kuizoa. Seli zinazoitwa astrosaiti huivuta ndani, huigeuza glutamini, na kuirudisha kwa neva ikiwa haina madhara. Kila chembe moja ya glutameti inazolewa kwa kuitumia sodiamu 3 zinazoteremka kuingia ndani, kama mkokoteni unaokwea mlima kwa uzito wa mikokoteni mingine inayoshuka upande wa pili.

Na hapo ndipo ubaya ulipo. Sodiamu ikishajaa ndani, mteremko haupo, mkokoteni unarudi kinyumenyume. Wazoaji, wa kwenye neva hasa, wanaanza kuimwaga ile waliyoizoa. Kazi iliyochapishwa mwaka 2000 na David Attwell na wenzake wa London ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya glutameti inayotoka damu ikikatika sana inatoka kwa njia hiyo. Nimejaribu kuliingiza kwenye beseni kwa mipira ya drip na chupa mbili. Nimeshindwa siku mbili mfululizo. Nimeandika aya moja, nimeliacha.

19 Machi

Swali la leo lilitoka kwa mwanafunzi wa Tandahimba ambaye kwa kawaida hasemi: "Kama tunajua tundu, kwa nini tusilizibe?"

Walijaribu. Miaka ya 1990 makampuni ya dawa yalitengeneza vizibo vya NMDA vilivyookoa ubongo wa panya vizuri mno. Selfoteli, aptiganeli, gavestineli, kila moja ikafika kwa wagonjwa wa kiharusi na kila moja ikaanguka. Nyingine zilileta njozi na kuchanganyikiwa, jambo ambalo aliyewahi kukaa na mgonjwa anayeamka kutoka kwenye ketamini hatalishangaa. Magnesiamu yenyewe ilijaribiwa mara mbili kwa ukubwa. Mara ya pili, Los Angeles, watoa huduma wa ambulensi waliwachoma njiani wagonjwa 1,700, ndani ya saa 2, wengine magnesiamu na wengine dawa bandia ya kulinganishia. Matokeo ya mwaka 2015 hayakuonyesha tofauti.

Tuliliangalia beseni pamoja. Panya anachomwa dawa kabla au dakika chache baada ya mshipa kufungwa, mtu anafikishwa baada ya saa kadhaa, ndoo imeshazama. Tena ukiziba milango yote umezima pia ishara ambazo seli za pembeni zinazihitaji ili zipone. Kilichofaulu ni kumrudishia mfua maji kikombe: kuyeyusha donge ndani ya saa 4 na nusu au kulivuta kwa waya. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2006 yanasema kila dakika ya kiharusi kikubwa kisichotibiwa hupoteza seli za neva milioni 1.9. Nikawaambia wahesabu umbali wa kutoka kijijini kwao mpaka kwenye mashine ya CT ya kupiga picha ya ubongo iliyo karibu, kwa gari, wakati wa masika. Darasa lilikaa kimya kwa muda. Wa Tandahimba akahesabu, akaifuta.

Dawa mbili za ukoo huu zinauzwa: memantini kwa ugonjwa wa Alzheimer, ambayo huingia mlangoni na kutoka upesi, na riluzoli kwa kufa kwa neva za misuli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995. Faida ya zote mbili ni ndogo.

26 Machi

Onyesho mbele ya darasa zima, watu 43. Kijiko, boya, kizibo, wekundu, vyote kwa zamu yake. Uzi haukukatika.

Nilikuwa nimeongeza kitu kimoja usiku wa jana. Chini ya ndoo, juu ya kokoto, nilibandika karatasi za daftari, kila msaidizi ameandika jina lake. Nilitaka kujibu swali linalonisumbua tangu mwanzo wa mradi: kwa nini damu ikirudi bado seli hufa? Katika hipokampasi ya wanyama waliokatiwa damu kwa dakika chache tu, seli za eneo moja huonekana nzima siku ya kwanza na hufa kati ya siku ya pili na ya nne. Kalsiamu iliyoingia imeshaamsha vimeng'enya vinavyokata protini za seli yenyewe, na mitokondria zilizoinywa zimevimba.

Kwa hiyo baada ya ndoo kuzama tuliziba matundu, tukarudisha kikombe, tukafua mpaka ikakauka. Nikawaita waje wachungulie karatasi. Nilitaka waone wino umetambaa, majina hayasomeki.

Jina la kwanza lilikuwa doa la bluu. La pili vivyo hivyo. La tatu, la yule binti wa Pemba, lilisomeka lote, mpaka nukta ya mwisho. Alikuwa ameandika kwa penseli.

Darasa likapiga makofi. Marekebisho ya toleo lijalo: kalamu za wino tu, na mimi mwenyewe nizigawe.